Nyumba Zetu na Shule Yetu: Hotuba kwa Wakazi wa Misungwi

Hotuba hii niliitoa Jumamosi chini ya miembe ya uwanja wa shule. Wengi mlikuwa mnadani, wengine ziwani, wengine msibani, na mmeniomba niwaandikie. Nimeiandika yote kama nilivyoisema. Karatasi za michoro nilizobandika ubaoni nimeziacha.

Mwadila!

Waliokaa nyuma sijawasikia. Mwadila!

Wabeja sana. Ndugu Mwenyekiti, Mheshimiwa Diwani, mwalimu mkuu pamoja na walimu wako, wazee wangu mliokaa mbele, akina mama, na ninyi vijana mliosimama kule kwenye pikipiki, ahsanteni kwa kuniita nyumbani. Mimi ni mtoto wa hapa. Nilipoanza darasa la kwanza tulikalia mawe chini ya mti, mwalimu akautundika ubao kwenye tawi. Baadaye nikasomea uthamini wa ardhi na majengo, nikaifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu. Kwa wasioijua, mthamini ni yule mtu anayekuja kwako na futi ya kamba. Anapima kuta, anahesabu vyumba, anatazama bati na choo, kisha anaandika karatasi inayosema nyumba hii ina thamani ya shilingi kadhaa. Benki inaitaka karatasi hiyo ili ikukopeshe. Serikali inaitaka ili ikulipe fidia. Ndugu wanaitaka ili wagawane mirathi. Nimeingia kwenye nyumba nyingi za Kanda hii ya Ziwa, na nimewaona watu wazima wakilia juu ya karatasi hiyo moja.

Leo nimekuja na neno moja tu. Sehemu kubwa ya thamani ya nyumba yako haimo ndani ya nyumba yako. Imo kwenye shule ile pale. Imo kwenye zahanati. Imo kwenye bomba, kwenye kalavati, kwenye nguzo ya umeme. Imo kwenye vitu ambavyo si vyako peke yako.

Nitaanza na nyumba mbili.

Wiki moja, miaka mingi iliyopita, nilipewa nyumba mbili nizithamini kwa ajili ya mikopo. Ya kwanza ilikuwa ya mfanyabiashara wa mpunga. Ndugu zangu, ile ilikuwa nyumba! Vyumba vinne, viwili masta. Dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu, vigae mpaka barazani, geti la chuma lenye simba wawili. Alikuwa amejenga kwao, kwenye itongo, yaani kiwanja cha zamani cha babu yake, na mtu kujenga kwao ni jambo la heshima. Lakini kufika pale niliacha gari kwenye korongo nikatembea, kwa kuwa ilikuwa masika. Maji walichota lamboni, na ng'ombe wakanywa humo humo. Shule ya msingi ilikuwa mbali kiasi kwamba watoto wadogo walianza kusoma wakiwa na miaka tisa, wakisubiri miguu ikomae.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mama mjane. Vyumba vitatu, bati limepauka, sakafu ya saruji, choo cha nje. Ila ukisimama mlangoni kwake unasikia kengele ya shule. Zahanati unaiona. Bomba liko uani. Lami iko hatua chache.

Nilifanya hesabu zangu mara tatu, kwa sababu hata mimi sikutaka kuamini. Nyumba ya mjane ilikuja juu.

Yule mzee wa mpunga aliposoma karatasi yake alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mthamini, vigae umevihesabu?" Nikamwambia, "Baba, nimevihesabu. Lakini karatasi hii haiulizi umetumia kiasi gani. Inauliza hivi: kesho ukisema unauza, nani atakuja?"

Nani atakuja? Naomba mlishike swali hilo, maana tutatembea nalo mpaka mwisho. Nani atakuja? Atakuja mwalimu aliyehamishiwa hapa. Atakuja nesi. Atakuja kijana anayefanya kazi Mwanza mjini na amechoka kulipa kodi ya chumba Nyegezi au Mkolani. Na hao wakija, swali la kwanza ni lipi? Mnalijua, kwa sababu hata ninyi mlipokuja kupanga hapa mlilianza hilo. Shule iko wapi? Maji yapo? Mke wangu akishikwa uchungu usiku wa manane, tunakwenda wapi? Gari linafika masika? Wakimaliza hayo ndipo wanaingia ndani kutazama sakafu.

Kama mnadhani hiyo ni habari ya mzee mmoja tu, nendeni Mwanza mjini mkaitazame ile milima ya mawe. Pandeni Igogo, pandeni Mabatini mpaka juu kabisa. Mtaliona ziwa lote limetandazwa chini yenu, na jua likizama hapana mahali pazuri kama pale. Kisha nendeni Capri Point. Mawe ni yale yale. Ziwa ni lile lile. Jua linazama pale pale. Kwa nini basi kiwanja cha Capri Point kinagombewa na wenye fedha, na nyumba ya juu Igogo mtu anapanga kwa sababu ndiyo anayoimudu? Capri Point gari linafika mlangoni na maji yako bombani. Igogo juu, maji kwa miaka mingi yamepandishwa kwa kichwa, na jeneza linateremshwa kwa mabega, kati ya mwamba na mwamba. Mandhari haijawahi kumchotea mtu maji.

Sasa niingie kwenye shule, ambako nitakaa muda mrefu zaidi.

Marekani kuna mchumi anaitwa Sandra Black. Mwaka 1999 alichapisha utafiti alioufanya kwenye miji ya pembeni ya Boston. Kule mtoto wa shule ya msingi husoma shule ya eneo analoishi, na mpaka wa eneo unaweza kupita katikati ya mtaa mmoja. Huyu mama akafanya jambo la akili sana. Alichukua nyumba za upande huu wa mpaka na nyumba za upande wa pili. Ni mtaa mmoja na mji mmoja, tofauti ni shule tu. Akakuta kwamba pale alama za mtihani zilipokuwa juu kwa asilimia 5, wazazi walikuwa tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Barabara ya kutenganisha nyumba na nyumba, na bei inabadilika kwa sababu ya darasa!

Lakini kule kuna jambo ambalo sisi hatuna, na nataka mlielewe vizuri. Shule za Marekani zinapata sehemu kubwa ya fedha zake kwenye kodi ya nyumba za hapo hapo. Nyumba zikiwa za bei kubwa, kodi inakuwa kubwa, shule inapata walimu wazuri, na shule nzuri inapandisha tena bei ya nyumba. Kwa tajiri gurudumu hilo linazunguka kwenda juu. Kwa mtaa wa maskini linazunguka kwenda chini, na mtoto wa maskini anasoma shule maskini kwa sababu tu baba yake ana nyumba ya bei ndogo.

Hapa kwetu? Kodi ya jengo unailipa ukinunua umeme wa LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa. Ya vigae ni hiyo, ya saruji ni hiyo. Na fedha ya kuendesha shule inatoka Serikali Kuu, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Mtoto wa Misungwi anahesabiwa sawa na mtoto wa Capri Point. Maana yake ni nini? Ni kwamba hapa si lazima kijiji kiwe na nyumba za bei kubwa ndipo kipate shule nzuri. Mto wetu unatiririka upande mmoja tu. Nyumba haiilishi shule, lakini shule inailisha nyumba. Mimi naiona hiyo kuwa neema kubwa, na inaniuma tunavyoipuuza.

Mnajua mzazi wa leo anafanya nini kabla hajanunua kiwanja? Anafungua simu. Tangu mwaka 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule bado yanawekwa wazi, jina la shule na madaraja yake. Kijana aliyeko Mwanza, ambaye hajawahi kukanyaga hapa, anajua shule yetu ilifaulisha wangapi darasa la saba. Anajua kuliko sisi tunaoamka nayo! Nikiwauliza sasa hivi, wangapi hapa mnajua matokeo ya mwaka jana ya shule hii tunayokalia kivuli chake? Nyosheni mikono.

Mmeona wenyewe. Mikono tisa, na mitano ni ya walimu.

Nina binti wa mdogo wangu. Jina lake naliacha. Alifaulu darasa la saba kijijini kwao, akapangiwa sekondari ya kutwa ambayo kwa miguu ni zaidi ya saa mbili kwenda, na zaidi ya saa mbili kurudi. Alijaribu muhula mmoja. Alikuwa anafika amelowa jasho, analala darasani. Baba yake akampangia chumba karibu na shule, yeye na wenzake wawili. Mnaita geto. Watoto wa miaka kumi na minne wanajipikia, wanajilinda, wanajilea. Ndugu zangu, mnajua mwisho wa habari hii, kwa sababu kila ukoo hapa unayo. Kidato cha tatu hakukimaliza.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Baba yake alitaka ampeleke chuo cha ufundi akajifunze ushonaji. Hakuwa na fedha, lakini alikuwa na ardhi, ekari za kutosha zenye rutuba. Akaamua auze mbili. Wateja watatu walikuja kwa nyakati tofauti. Wote waliisifu ardhi. Wote wakauliza sekondari iko umbali gani. Wote wakaondoka. Kukosekana kwa shule kulimnyang'anya yule binti masomo, kisha kukamnyang'anya ile fedha ambayo ingemwinua. Mara mbili, ndugu zangu. Kitu kimoja kimempiga mtoto mmoja mara mbili.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba habari ya thamani ya nyumba ni habari ya wenye fedha, namwomba aje azungumze na mdogo wangu.

Na shule si madarasa tu. Nilipokuwa kazini nilikuwa na desturi moja. Kabla sijaandika bei ya kiwanja kijijini, nauliza walimu wanalala wapi. Walimu wakilala kijijini, jioni utawakuta dukani, Jumapili utawakuta kanisani, watoto wao wako darasa moja na watoto wenu. Walimu wakilala mbali wakaja na pikipiki, mvua ikinyesha hakuna somo la kwanza. Na mwalimu ni mpangaji wa namna gani? Mshahara wake unafika kila mwezi, mpunga ukikauka au usikauke. Kuna mama mmoja hapa hapa, yupo ameketi, ambaye alijenga vyumba viwili vya uani kwa fedha ya kuuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na dagaa. Walimu wawili wakapanga. Kwa kodi hiyo akaongeza cha tatu. Alipoona shule inaongezewa walimu, yeye aliona wapangaji. Hiyo ndiyo akili ninayoitaka leo.

Niende kwenye zahanati.

Kijiji kimoja, sikitaji, walijenga zahanati kwa nguvu zao. Walibeba mawe, wakafyatua tofali, wakainua boma mpaka kwenye lenta, halmashauri ikapaua na kumalizia. Siku ya kufungua kulikuwa na ngoma na utepe. Madalali nao walikuja. Bei ya viwanja jirani ikapanda wiki hiyo hiyo, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa.

Nesi aliyepangwa pale hakuwa na nyumba. Akawa anatokea mjini. Saa nane mchana kufuli linafungwa. Usiku hakuna mtu. Masika moja mama alijifungulia njiani, juu ya pikipiki, akipelekwa mbali wakati zahanati yenye vitanda vipya iko mita mia tatu kutoka kwake, imefungwa. Mtoto hakupona. Habari kama hiyo haihitaji redio. Ndani ya mwaka mmoja ile bei iliyopanda kwa utepe ikashuka, kwa sababu wanunuzi walijifunza walichojifunza wenyeji. Jengo si huduma. Nalirudia kwa sababu tumelisahau mara nyingi mno katika nchi hii. Jengo si huduma! Darasa lisilo na mwalimu si shule. Bomba lisilotoa maji ni chuma tu.

Kilichokibadilisha kile kijiji ni akina mama. Walikuwa na kikundi chao cha kuweka na kukopa. Wakakubaliana, wakaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, hoja ikapita mkutano mkuu, wakajenga nyumba ya nesi. Vyumba viwili, jiko, choo, tangi la maji ya mvua. Nesi akahamia na wanawe watatu. Wanawe wakaandikishwa shule ya kijiji, na mzazi anayefuatilia daftari akaongezeka kwenye kamati ya shule. Usiku taa ikawaka. Mwingine akafungua duka la dawa muhimu jirani. Mwingine akaweka jiko la chapati kwa wanaosindikiza wagonjwa. Niliporudi miaka michache baadaye kuthamini kiwanja jirani na zahanati ile, thamani ilikuwa imezidi mara mbili ya ile ya mwanzo, na safari hii haikushuka. Wale akina mama hawakuwa wanafikiria bei ya kiwanja hata kidogo. Walikuwa wanamfikiria yule mtoto.

Maji sitayasemea sana, kwa sababu hapa kila mtu ni mwalimu wa somo hilo. Wilaya hii ndiyo yenye chanzo cha Ihelele. Maji ya ziwa letu yanachotwa hapo, yanasafishwa, yanapelekwa mpaka Shinyanga na Kahama. Tuliyaona yale mabomba makubwa yakipita. Nani hapa hakusimama kando ya mtaro ule akajiuliza, na sisi je? Miaka ikapita, mji wetu nao ukapata mradi wake. Mnakumbuka bei za viwanja kabla na baada. Nitaongeza hili tu. Bomba likifika mtaani, ukaacha kuunganisha kwa sababu dumu la mkokoteni umelizoea, mthamini akija ataandika kwamba nyumba haina maji. Hataandika kwamba bomba liko karibu.

Umeme vile vile. Mnajua tofauti ya kuunganishiwa umeme kijijini kwa shilingi 27,000, na kwenye maeneo yanayohesabiwa mjini kwa shilingi 320,960. Mpaka wa kijiji na mji, ambao macho hayauoni, unaweza kumwachia mtu giza. Miji midogo kama hii yetu ndiyo inayoteseka kwenye mpaka huo, kwa sababu tuna sura ya kijiji na jina la mji. Hilo ni la kuuliza mkutanoni, tena kwa sauti.

Sasa daraja.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 hivi juu ya maji. Mimi nilikuwapo, na nilitokwa machozi, kwa sababu nimelala kwenye foleni ya kivuko pale na mgonjwa ndani ya gari. Nimemshika mkono mtu anayekufa huku nikitazama taa za ng'ambo. Kwa hiyo msinielewe vibaya ninapotaja waliopoteza.

Mahali pale pa kusubiri kivuko palikuwa mji. Palikuwa na samaki wa kukaanga, chai, nyumba za wageni, vyumba vya kupanga. Yule mama aliyejenga banda lake karibu na foleni alijenga kwa akili, kwa kuwa huduma ilikuwa pale. Huduma ilipohama, magari yakawa yanapita juu bila kusimama, na wateja wakaenda nayo. Ukuta wake haujapata ufa, bati lake halijatoboka, lakini thamani imeondoka. Mnaona? Hata tukijenga vizuri, hatuwezi kulala. Inatupasa tujue kinachokuja na kinachoondoka. Hapa wilayani kwetu inakuja reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, na jiwe lake la msingi liliwekwa Fela mwaka 2021. Reli hiyo haitanufaisha kila nyumba sawasawa. Patakapokuwa na stesheni patachangamka. Patakapopita tu, watasikia mngurumo.

Na wanaojua mapema ni akina nani? Ni madalali. Dalali si adui yangu, wengi ni vijana wetu wanaotafuta riziki. Lakini dalali akija nyumbani kwako mara tatu kwa wiki, ujue amesikia kitu ambacho wewe hujakisikia. Binamu yangu aliuza kiwanja msimu mmoja kabla bomba halijafika mtaani kwao. Aliuza kwa haraka, akanunua pikipiki. Pikipiki imeshakuwa vyuma chakavu. Kiwanja kina nyumba ya mtu, na kila siku anapita mbele yake.

Kabla hujauza, nenda ofisi ya kijiji ukaulize mpango wa matumizi ya ardhi, kaulize bajeti ya halmashauri imetaja nini eneo lako. Wazee wangu, kama ni nyumba ya familia, sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mwenzi wako. Mama asiletewe karatasi ya kuweka dole gumba baada ya fedha kuliwa. Na wewe unayenunua, usidanganywe na kiwanja cha ufukweni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa, na mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda likatuonyesha kwa nini.

Nina wasiwasi mmoja ambao sina budi kuusema. Mahali pakipendeza, kodi inapanda, na anayepanga chumba kimoja anaanza kusukumwa pembeni, mbali na shule ile ile aliyosaidia kubeba mawe yake. Nimeliona Mwanza, nitaliona hapa. Wenye nyumba, nawaomba. Huyo mama muuza nyanya mwenye watoto wanne hapo shuleni, usimpandishie kodi katikati ya muhula. Kamati ya shule itamhitaji, na wewe utaihitaji kamati.

Namalizia na choo.

Asubuhi, kabla hamjafika, nimezunguka na mwalimu mkuu. Mwongozo wa Serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yetu hii ina wasichana zaidi ya mia tatu. Nimehesabu matundu yao mwenyewe, kwa mkono wangu, kama nilivyokuwa nahesabu vigae. Ni sita. Na moja mlango umeng'oka, wasichana wanalindana kwa kanga. Msichana mkubwa akiwa kwenye siku zake anabaki nyumbani, na mwaka ukiisha amekosa masomo ya wiki nyingi, na mwezi Septemba mtihani haumwulizi kwa nini. Kisha kijana wa Mwanza anafungua simu, anayaona matokeo yetu, anakwenda kununua kwingine.

Vyoo hivyo viko mita mia mbili kutoka nyumba ya vigae ninayoiona kule, na nyumba ile nimependa sana ilivyojengwa. Mwenye nyumba yupo hapa. Baba, nakuuliza kwa heshima zote. Geti lako lile, ukilinganisha na milango sita ya mbao na mlango mmoja wa chumba cha kujisitiri wasichana, lipi litamleta mtu?

Mchango si wa lazima, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Hilo liwe wazi kwa kila mmoja. Asiye na kitu aje na mikono. Tumeomba halmashauri ituletee fundi sanifu apime, na ombi limeandikwa na kugongwa muhuri. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi, na mkutano wa kijiji, ambao unatakiwa kila miezi mitatu, utayasoma kwa sauti. Shimo tutaanza kuchimba Jumatano.

Mimi naleta saruji mifuko kumi. Yule mama wa vyumba vitatu vya walimu ameshaniambia ataleta mchanga tripu moja. Vijana wa pikipiki, mawe yapo kule kilimani, mkokoteni tunao.

Naona mkono pale nyuma. Naona na mkono wa mwenye geti. Karani, njoo mbele na daftari, andika jina kamili na alichotaja, na wa pili, na yule wa tatu aliyevaa kofia ya bluu.